Nyoka aliyekatika mkia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Karibu kila mtu amewahi kuona mkia wa mjusi kafiri ukirukaruka sakafuni peke yake, mwenyewe keshajificha nyuma ya kabati. Kwa hiyo mtu akikutana na nyoka mwenye mkia butu hudhani ni mambo yaleyale. Yanafanana kwa mbali tu. Mjusi hutoa mkia kama mtu anayejua mshahara unaingia mwisho wa mwezi. Nyoka anatoa kwenye akiba ambayo haijazwi tena.

Je, ni kweli kuna nyoka wanaokata mkia ili kumponyoka adui?

Ndiyo, ila ni wachache. Nyoka wengi wakishikwa mkia watauma, watatoa uchafu wenye harufu mbaya, watajikunja au watavuta kwa nguvu zote. Wapo wachache, wengi wao wembamba, wenye mbio na mikia mirefu, ambao hujizungusha hadi mkia unakatika na kubaki mdomoni au kuchani mwa adui.

Mkia wa nyoka unaanzia wapi? Si mwili wote ni mkia?

Mkia unaanzia nyuma ya tundu la haja. Mgeuze nyoka aliyekufa, utaona magamba mapana ya tumboni yakishuka kwa mstari mmoja mpaka kwenye gamba la mwisho linalofunika tundu. Baada ya hapo, kwa nyoka walio wengi, magamba ya chini yanakuwa safu mbili zilizopishana kama meno ya zipu. Pale ndipo mkia unapoanza. Ndani pia kuna tofauti: pingili za mwilini zina mbavu ndefu, za mkiani hazina.

Urefu wake unatofautiana sana. Kwa chatu na kifutu, mkia ni karibu sehemu moja ya kumi ya urefu wote. Kwa nyoka wembamba wa nyasini wa jenasi ya Psammophis ni karibu theluthi. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani anaweza kumudu kupoteza kipande na nani hawezi.

Unakatikaje hasa?

Tuanze na mjusi ili tofauti ionekane. Pingili za mkia wa mijusi wengi zina ufa wa asili katikati ya mfupa wenyewe. Misuli imegawanyika kufuata ufa huo, na mishipa ya damu ina mahali pa kujibana. Mjusi akibanwa anakaza misuli, mfupa unaachana kwenye ufa, basi. Hahitaji hata kuvutwa sana.

Nyoka hana ufa huo. Mkia wake unakatikia kwenye kiungo, kati ya pingili na pingili, na ni lazima kitu kiwe kimeushika kwelikweli. Mwendo wenyewe ni huu: adui anashika mkia, nyoka anaelekea mbele kukimbia, akishindwa anaanza kuuzungusha mwili wake wote kama keekee inayotoboa ubao. Mkia ulioshikwa hauzunguki, mwili unazunguka, hivyo msokoto wote unaishia sehemu moja. Ngozi inachanika, nyuzi za misuli zinakatika, kiungo kinaachia. Kazi nzima inaweza kuisha kwa sekunde chache. Damu inayotoka ni kidogo, kwa sababu sehemu inayokatika kwa kawaida ni nyembamba.

Kwa sababu hiyo wataalamu wengi hawakubali kuiita kujikata mkia kwa maana ile ya mjusi. Huiita kujikata kwa bandia: matokeo yanafanana, mtambo ni mwingine. Ukimshika mjusi kafiri vibaya anaweza kukuachia mkia kabla hujavuta. Nyoka asiposhikwa hawezi kuutoa mkia wake hata akitishwa vipi.

Unaota tena?

Hapana. Mjusi huota mkia mwingine, japo ndani yake hauna pingili bali fimbo ya gegedu, na mara nyingi rangi na magamba hayafanani na ule wa kwanza. Kwa nyoka, kidonda kinafungwa na ngozi, ncha inakuwa ya mviringo kama kidole gumba, na inabaki hivyo maisha yote. Akikatika sentimita nne leo na sentimita tano mwakani, amepoteza tisa na hakuna kinachorudi.

Nyoka gani wa Afrika Mashariki wana tabia hii?

Makundi mawili yanajulikana vizuri.

La kwanza ni Natriciteres, nyoka wadogo wa majimaji. Natriciteres olivacea yupo Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, kando ya mito, mabwawa na mashamba ya mpunga. Mara nyingi hafiki nusu mita, hana sumu, anakula vyura na samaki wadogo. Ukimshika mkia anazunguka mara moja. Pemba ina wake peke yake, Natriciteres pembana, aliyeelezwa na Arthur Loveridge mwaka 1935. Nyoka hawa hawamdhuru mtu, na bado huuawa kwa jembe kila msimu kwa sababu tu ni nyoka.

La pili ni Psammophis: wembamba, macho makubwa, wanatembea mchana, na wana mbio zinazomfanya mtu aseme ameona koboko. Psammophis mossambicus na Psammophis orientalis ndio wanaoonekana sana maeneo ya nyasi na mashamba, na Psammophis punctulatus kwenye nchi kavu za kaskazini mwa Tanzania na Kenya. Wana sumu hafifu kwenye meno ya nyuma ya taya, ambayo kwa kawaida haihatarishi maisha ya mtu. Ukikuta aliyekomaa, angalia ncha ya mkia kabla ya kitu kingine. Si ajabu kukuta haipo. Donald Broadley, mtaalamu wa nyoka wa Zimbabwe, aliandika mwaka 1987 kuhusu kukatika mikia kwa jenasi hizi mbili za Afrika.

Na kuna kichekesho hapa. Chakula kikubwa cha Psammophis ni mijusi. Anamfukuza mjusi, anaachiwa mkia mdomoni, na jioni yeye mwenyewe anamwachia kipanga au nguchiro mkia wake.

Nani anaongoza duniani kwa jambo hili?

Anayesemwa zaidi anatoka mbali na kwetu: Scaphiodontophis, anayeishi kuanzia Mexico hadi Kolombia. Mkia wake unakaribia nusu ya urefu wote, ni mnene kuliko unavyotarajia, na unakatika kwa urahisi popote kuanzia karibu na shina hadi nchani. Yeye pia hula mijusi wa magamba magumu, na meno yake yana bawaba, yanalala nyuma mawindo yakipita.

Mwaka 1995 Joseph Slowinski na Jay Savage walieleza kwa nyoka huyu wazo la mkia wa kukatwa mara nyingi. Hoja yao ni rahisi kuifuata. Ikiwa mkia hauoti tena, kuutoa wote kwa mpigo mmoja ni hasara: umeokoka leo, kesho huna cha kutoa. Lakini ukiwa na mkia mrefu sana unaoweza kukatika popote, unatoa kipande cha kuanzia aliposhika adui hadi nchani tu, na kilichobaki kinasubiri zamu nyingine. Urefu ule usioeleweka unapata maana: ni vipande vingi vilivyounganishwa.

Ndiyo maana pia wataalamu hutenganisha hali mbili. Kuna nyoka waliojengwa kwa ajili hii, wenye mkia mrefu, mnene na dhaifu, kama Scaphiodontophis. Na kuna wale wenye mkia wa kawaida ambao hukatika wakizunguka kwa nguvu, kama Natriciteres na baadhi ya Thamnophis wa Amerika Kaskazini. Kuwaweka kapu moja kunaleta mkanganyiko mwingi kwenye maandishi ya watu wasio wazoefu.

Kipande kilichokatika kinaendelea kucheza?

Cha mjusi, ndiyo, kwa dakika kadhaa, na kazi yake ndiyo hiyo: kumshughulisha adui. Cha nyoka usitarajie maonyesho hayo. Faida kwa nyoka iko zaidi kwenye kuponyoka mshiko, na adui amebaki na tonge la nyama la kumchelewesha.

Koboko, swila, chatu na kifutu je?

Hawa hawategemei mkia kukatika. Wana sumu, nguvu, kujificha au kutisha. Ukiona kifutu asiye na ncha ya mkia, sababu ya kwanza kufikiria ni jeraha: panga, moto wa shamba, gari, meno ya mnyama.

Nyoka wa kupanda miti nao wangepoteza mengi, kwa sababu mkia ni mkono wao wa kushikia tawi. Nyoka wa baharini anautumia kama kafi. Mkia wenye kazi nyingine nzito haufai kuwa wa kutupa.

Na yule nyoka mwenye vichwa viwili?

Ndumilakuwili wa kwenye kamusi, anayeuma huku na huku, ana mzizi wake kwenye jambo la kweli: kuna nyoka ambao mkia wao umefanana na kichwa. Adui analenga kichwa. Akilenga cha uongo, anauma mahali pasipoua. Chatu mdogo wa mchanga, Eryx colubrinus, anayepatikana Kenya na kaskazini mwa Tanzania, ana mkia mfupi ulio butu. Calabaria wa misitu ya Kongo na Afrika Magharibi hujiviringa kama mpira, akaficha kichwa katikati na kuacha mkia nje uonekane kuwa ndicho. Huko Amerika Kaskazini Charina bottae, akiwa anameza watoto wa panya, hutumia mkia kumkinga mama yao, na mikia ya wakubwa mara nyingi imejaa makovu.

Hii ni njia tofauti na ya kukata. Hapa mkia unapigwa, unatiwa makovu, lakini unabaki.

Tahadhari moja ya kweli. Kuna nyoka weusi wadogo wa ardhini, Atractaspis, ambao wakishikwa huchoma kwa ncha ya mkia. Watu huona ndicho kichwa cha pili, wakajikita hapo. Hatari iko mbele: jino lake refu linatoka pembeni mwa mdomo bila kuufungua, na anakuchoma hata ukiwa umemshika nyuma ya kichwa. Hakuna namna salama ya kumshika kwa mkono.

Nyoka anapoteza nini akikatika mkia?

Mbio si sana. Majaribio yaliyofanywa kwa Thamnophis yalionyesha kwamba kupoteza sehemu ya mkia hakupunguzi kasi kwa kiasi kikubwa.

Madume ndio wenye hesabu kali. Viungo vyao vya uzazi vimelala ndani ya shina la mkia, nyuma tu ya tundu la haja, na wakati wa kujamiiana dume hutumia mkia kumsogeza jike na kuwasukuma wapinzani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu Thamnophis wa Manitoba, Kanada, ulionyesha kuwa madume waliopoteza sehemu ya mkia hawakufanikiwa kupandana kama wenzao wenye mikia kamili.

Hasara ya tatu ni ile tuliyoanza nayo: wakati mwingine akishikwa, ana kidogo zaidi cha kutoa, na adui anashika karibu zaidi na mwili.

Nitajuaje kama mkia umekatika, au ndivyo ulivyo?

Angalia ncha. Mkia mzima, kwa nyoka walio wengi, unaishia kwenye gamba moja lililochongoka kama ncha ya penseli. Uliokatika unaishia kwa kibonge cha mviringo, magamba yamekusanyika ovyo, na upana haupungui polepole bali unakoma ghafla. Jeraha jipya ni jekundu au jeusi, wakati mwingine mfupa unachungulia.

Kwa anayerekodi vipimo, kuna mambo matatu yanayokosewa kila mara. Mkia hupimwa kutoka ukingo wa nyuma wa tundu la haja hadi nchani, si kutoka mbele yake. Magamba ya chini huhesabiwa kuanzia jozi ya kwanza inayokutana katikati baada ya tundu, na gamba la nchani halihesabiwi. Mkia ukiwa umekatika, andika idadi na alama ya kujumlisha, kwa mfano 62+, na usitumie urefu wake kukokotoa uwiano wa mkia na mwili. Takwimu nyingi za mikia mifupi mno zimetokana na mtu aliyesahau alama hiyo moja.

Kuna kovu linalodanganya. Nyoka anayejivua gamba kwenye hewa kavu huweza kubakiwa na pete ya ngozi kuukuu nchani. Pete inabana, damu haifiki, ncha inakauka na kudondoka. Wa kufugwa akikosa milimita chache za mwisho, fikiria hilo kwanza kabla ya kumsingizia adui.

Nikikuta nyoka wengi wenye mikia iliyokatika, maana yake eneo lina maadui wengi?

Si lazima, na hapa ndipo watu hujikwaa zaidi. Mkia uliokatika ni alama ya shambulio *lililoshindwa*. Nyoka aliyeliwa hayupo uhesabu mkia wake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Bonde A lina kunguru wasio na uzoefu: wanadonoa mkia, nyoka anazunguka, anatoroka. Bonde B lina ndege karani tamba anayeponda kichwa kwa teke na hakosei. Ukihesabu mikia, bonde A litaonekana la hatari, ilhali kaburi liko B. Kiwango cha mikia iliyokatika kinaweza kupanda kwa sababu maadui ni wengi, kwa sababu ni wazembe, au kwa sababu nyoka wanaishi muda mrefu.

Hilo la mwisho ni zito. Kwa kuwa mkia hauoti, makovu yanajumlishwa na umri. Nyoka wakubwa karibu kila mara watakuwa na mikia mingi iliyokatika kuliko wadogo, hata kama hatari ni ileile. Ukitaka kulinganisha maeneo mawili, linganisha nyoka wa ukubwa mmoja na jinsia moja. Vinginevyo unapima umri, si maadui.

Paka ameleta kipande cha mkia ndani. Nitajuaje ni wa mjusi au wa nyoka?

Kigeuze uone chini. Safu mbili safi za magamba mapana yanayopishana: uwezekano mkubwa ni wa nyoka. Magamba madogo yanayofanana pande zote, au ngozi laini yenye chembechembe: mjusi. Kisha tazama palipokatika. Wa mjusi una vinyama vilivyochongoka kama taji, vimejipanga kwa duara. Wa nyoka umechanika ovyo, nyuzi zinaning'inia.

Kipande hakina sumu. Sumu ya nyoka inatengenezwa kwenye tezi za kichwani. Kiokote kwa karatasi, kitupe, nawa mikono. Lakini mwenye mkia anaweza kuwa bado yuko uani, kwa hiyo angalia paka kama amevimba usoni au mguuni, na usiingize mkono chini ya mbao au matofali.

Aliyekatwa mkia huwa mkali zaidi, au hurudi kulipiza?

Hapana kwa yote mawili.

Kwa nini wanasema usimshike nyoka kwa mkia?

Kwa sababu mbili zinazovuta upande mmoja. Mwenye sumu atageuka akuume. Asiye na sumu au mwenye sumu hafifu, hasa Natriciteres na Psammophis, atazunguka na utabaki na kipande mkononi, umemnyang'anya kitu asichoweza kukirudisha.

Mwenye mafunzo anayelazimika kumhamisha hushika karibu na tundu la haja, si nchani, huku mwili umebebwa na ndoano. Nyoka akianza kuzunguka, unalegeza mkono na kuzunguka naye, au unamweka chini. Kukaza mshiko ndiko kunakokata. Asiye na mafunzo asimguse kabisa: rudi nyuma, mwachie njia. Nchini Tanzania na Kenya kukamata au kufuga nyoka bila kibali ni kosa chini ya sheria za wanyamapori za mwaka 2009 na 2013.

Nina nyoka kihalali na ncha ya mkia imejeruhiwa. Nifanye nini?

Bana kwa shashi safi kwa dakika 5 hadi 10 bila kuchungulia kila mara. Kuchungulia ndiko kunakoanzisha damu upya. Osha kwa aidini iliyochanganywa na maji mpaka iwe rangi ya chai nyepesi, mara moja au mbili kwa siku. Usipake marhamu yenye dawa ya ganzi, inaweza kumdhuru reptilia. Ondoa mchanga na maranda, tandika karatasi nyeupe: haishiki kwenye kidonda, na tone la damu linaonekana. Bakuli la kuogelea litoke, abaki na chombo kidogo cha maji ya kunywa. Joto liwe la kawaida yake, kwa sababu nyoka aliyepoa haponi. Chakula kisubiri siku 5 hadi 7, kisha umpe kidogo kuliko alichozoea.

Kama tatizo ni pete ya ngozi kuukuu na hakuna kidonda, mloweke kwenye maji ya vuguvugu, kina cha kidole, kwa dakika 20 hadi 30. Kisha mwache apite mwenyewe katikati ya kitambaa chenye maji ulichokishika kwa wepesi. Ukivuta, unaweza kuondoka na ngozi mpya pamoja na ya zamani.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua reptilia ukiona mfupa umetokeza, harufu mbaya, usaha, au weusi unaopanda kuelekea mwilini. Weka alama ya kalamu mahali weusi ulipoishia. Kesho yake ukiwa umevuka alama, usingoje siku ya tatu. Daktari atakata sehemu iliyokufa hadi kwenye nyama hai, na mapema unampeleka, kipande kinachokatwa ni kifupi.